Mpira wa mkojo wodini: mwongozo wa kuzuia maambukizi kwa kutumia nadharia za uuguzi

Mgonjwa akishawekwa mpira wa mkojo, yaani katheta, kila siku inayopita mpira ukiwa ndani inapandisha uwezekano wa bakteria kukutwa kwenye mkojo wake kwa asilimia 3 hadi 7. Piga hesabu ya wiki mbili, utaona tunakoelekea. Akikaa nao mwezi mzima, karibu kila mgonjwa atakuwa na bakteria kwenye kibofu, hata kama muuguzi wake ni hodari kuliko wote hospitalini. Ndiyo maana katika mwongozo huu kuna jambo moja nitakalolirudia mpaka likuchoshe: mpira ukae ndani kwa sababu inayotajika, na sababu ikiisha utoke siku hiyohiyo. Sabuni, glovu na dawa za kusafishia vyote vinakuja nyuma ya hilo.

Nawaandikia wauguzi na wakunga wa wodi za huku kwetu kusini mwa Tanzania, iwe hospitali za Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao, Mkomaindo au kituo cha afya chenye vitanda vichache huko Liwale. Nawaandikia pia wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo wakiwa na daftari lililojaa majina ya wananadharia, wasijue pa kuyapeleka wakifika kitandani kwa mgonjwa.

Nadharia zipo nyingi. Kwa kazi hii nachukua tatu, kila moja na kazi yake. Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani aliyechapisha nadharia yake ya kujihudumia mwaka 1971, anatusaidia kumtazama mgonjwa. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa karne ya 19, anatusaidia kutazama mazingira. Kurt Lewin, ambaye hakuwa muuguzi bali mwanasaikolojia, anatusaidia kubadili mazoea ya wodi. Nadharia ya Betty Neuman kuhusu mistari ya ulinzi wa mwili inafaa pia, na anayeandika kazi ya darasani ataipenda. Ila kwa zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja na wodi iliyojaa, naona inadai karatasi nyingi kuliko msaada inaoutoa.

Kwanza, jua wadudu wanapita wapi

Mtu mzima wa afya anajisafisha kila anapokojoa. Mkojo unatoka kwa nguvu, unaosha mrija, kibofu kinabaki kitupu. Ukiingiza mpira, ulinzi huo unakufa. Mkojo unatiririka polepole, na kwa kuwa tundu la mpira liko juu ya puto, lile linalojazwa maji ili mpira usichomoke, kuna mkojo kidogo unaobaki chini ya kibofu muda wote.

Bakteria wana njia mbili. Ya kwanza ni ya nje: wanatoka kwenye ngozi ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa, wanapanda katikati ya mpira na ukuta wa mrija wa mkojo. Ya pili ni ya ndani ya mpira wenyewe: wanaingia mahali mpira unapoungana na bomba la mfuko, au kwenye koki ya chini ya mfuko, kisha wanapanda na mkojo unaorudi juu. Mara nyingi ni wadudu wa tumboni mwa mgonjwa mwenyewe kama E. coli na Klebsiella, lakini Pseudomonas na wengine wanaweza kuhamishwa na mikono yetu kutoka kitanda namba 4 kwenda kitanda namba 5.

Wakishafika wanajijengea utando kwenye ukuta wa mpira, kama ule utelezi unaoushika ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Ndani ya utando huo antibayotiki haziwafikii vizuri. Kumpa mgonjwa vidonge vya kukinga kwa sababu tu ana mpira hakusaidii. Kunachofanya ni kuwafundisha wadudu usugu.

Hatua ya 1: Kabla ya kufungua pakiti, taja sababu

Sababu zinazokubalika si nyingi: mkojo umeziba na hautoki, mgonjwa ni mahututi na mkojo wake lazima upimwe kila saa, upasuaji unaouhitaji, mgonjwa lazima alale bila kutikiswa, kama aliyeumia uti wa mgongo, asiyezuia mkojo ana kidonda cha makalioni kinacholoana na kugoma kupona, au mgonjwa yuko mwisho wa maisha na mpira utampa nafuu. Nje ya hapo, jiulize mara mbili.

Sababu zisizokubalika ndizo tunazozisikia zaidi. "Anakojoa kitandani." "Mashuka yamekwisha." "Hana ndugu wa kumsaidia kwenda chooni." Nazielewa. Zamu ni nzito na mashuka ni machache kweli. Lakini mpira uliowekwa kuokoa shuka leo unaweza kumletea mgonjwa homa kali wiki ijayo, na hapo utahitaji dripu, sindano za gharama na siku nyingi zaidi za kitanda.

Mbadala upo. Mwanaume mwenye fahamu, hata aliyevunjika paja na kufungwa uzito wa kuvuta mguu, anaweza kutumia chupa ya mkojo. Asiyezuia mkojo lakini kibofu chake hakijaziba anaweza kuvalishwa katheta ya kondomu. Mwanamke apewe bedipani kwa ratiba, kila baada ya saa 2 au 3, asisubiri mpaka aite. Ratiba hiyo wafundishe ndugu. Wengi wanaiweza vizuri wakieleweshwa.

Ukishaikuta sababu, iandike kwenye faili pamoja na tarehe, saa na jina la aliyeweka. Mpira usio na sababu iliyoandikwa hauna mwenyewe, na usio na mwenyewe hakuna anayeutoa.

Hatua ya 2: Mtazame mgonjwa kwa jicho la Orem

Orem anasema hivi: kila mtu ana mambo ya kujifanyia ili aishi vizuri, kama kula, kujisafisha na kutoa haja. Ugonjwa ukimpunguzia uwezo wa kujifanyia, linatokea pengo. Kazi ya muuguzi ni kuliziba pengo hilo, lilivyo, bila kumnyang'anya mgonjwa kile anachokiweza. Kutokana na hapo anagawa uuguzi kwenye mifumo mitatu: wa kumfanyia mgonjwa kila kitu, wa kusaidiana naye, na wa kumfundisha na kumtia moyo huku akifanya mwenyewe.

Tuchukue wagonjwa watatu wa kufikirika, wanaofanana na wale tunaowaona kila wiki.

Wa kwanza ni kijana aliyeanguka na pikipiki barabara ya Masasi, hana fahamu. Huyu unamfanyia kila kitu. Unamwosha sehemu za siri kwa maji na sabuni kila siku na kila anapopata choo kikubwa, unaweka mpira ukae sawa, unamwaga mfuko, unapima mkojo. Hapa uzembe hauna wa kuuficha, kwa sababu mgonjwa hawezi kukwambia kuwa bomba limejikunja chini ya paja lake.

Wa pili ni mama aliyejifungua kwa upasuaji jana. Hana shida ya fahamu, ana maumivu. Unamsaidia kuinuka, yeye anajiosha, wewe unamshikia beseni. Mama wa namna hii kwa kawaida mpira unaweza kutoka ndani ya saa 24, au mapema zaidi akishaanza kusimama, ukishathibitisha na daktari. Ila uwe macho: mama aliyekaa na uchungu pingamizi kwa muda mrefu, mpaka kichwa cha mtoto kikabana kibofu, mpira wake hubaki kwa makusudi, mara nyingi siku 10 hadi 14, ili kibofu kilichochubuka kipone kisitoboke na kuwa fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo. Wote wawili wamelala wodi moja, mishono inafanana, na sababu za mpira ni mbali kabisa. Asiyesoma faili atamtoa aliyepaswa kubaki nao.

Wa tatu ni mzee kutoka Tandahimba, tezi dume imevimba, mkojo uliziba, sasa ana mpira anasubiri upasuaji. Ana nguvu zake, anatembea, anapiga soga na wodi nzima. Huyu ni wa mfumo wa kufundisha. Nakaa kidogo kwake kwa sababu ndiye tunayemkosea zaidi: ama tunamfanyia kila kitu kama mahututi, ama tunamwacha tukidhani anajua.

Anza na heshima, maana unachotaka kuzungumza naye kinamtia aibu, hasa ukiwa binti wa umri wa mjukuu wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Babu, huu mpira ni wa kwako, na wewe ndiye utakayeulinda kuliko mimi. Nikueleze namna ya kujiosha, halafu nikuvutie pazia ufanye mwenyewe?"

Ukiona anasita, mwite muuguzi wa kiume. Si udhaifu wa kazi. Mzee aliyeona haya ataitikia kila kitu na hatafanya hata kimoja. Akikubali, mwonyeshe: anawe mikono, aoshe kwa sabuni kuanzia mpira unapotokea mwilini kwenda chini, asirudishe kitambaa juu, asiuvute, asipake poda wala mafuta ya nazi. Kisha mwambie akueleze yeye kwa maneno yake. Asiyeweza kukueleza hajafundishwa bado. Ongea Kiswahili chepesi, na kama Kimakonde, Kimwera au Kiyao ndiyo lugha anayoiweza zaidi, tafuta anayeijua akae nanyi.

Uandike mfumo wa kila mgonjwa kwenye mpango wa uuguzi, na uubadilishe anapobadilika. Kijana wa pikipiki akizinduka siku ya tano hayupo tena kwenye mfumo wa kwanza. Mpime upya, na pengine mpira wenyewe hauna kazi tena.

Hatua ya 3: Kuingiza mpira

Mara nyingi ndugu ndiye anayetumwa duka la dawa. Usimwambie tu "kalete mpira wa mkojo na mfuko". Mwandikie karatasi: Foley, yaani katheta yenye puto, ya njia mbili, namba 14 au 16 kwa mtu mzima, na mfuko wenye koki ya kutolea mkojo chini. Hilo la koki ni kubwa. Ipo mifuko isiyo na koki, na ikijaa hakuna njia ila kuchomoa bomba kwenye mpira. Kila unapochomoa umefungua mlango. Mpira mnene kuliko unaohitajika nao unachubua mrija bure.

Tayarisha kila kitu kabla ya kuvaa glovu tasa: seti safi, jeli ya kulainisha ya pakiti ya mtu mmoja, dawa ya kusafishia, bomba la sindano lenye maji ya sindano kwa ajili ya puto. Puto lijazwe kwa maji hayo, kiasi kilichoandikwa kwenye mpira, mara nyingi mililita 10. Maji ya chumvi yanaweza kuganda kwenye kijimrija cha puto, ukashindwa kulitoa baadaye. Unganisha mfuko kabla ya kuingiza ikiwezekana, mfumo uwe umefungwa tangu mwanzo.

Mwanaume: nyanyua uume usimame, weka jeli ya ganzi ya kutosha na usubiri dakika chache ifanye kazi. Haraka ya hapa ndiyo inayochana mrija. Ingiza mpaka kwenye panda ya mpira, subiri mkojo utoke, ndipo ujaze puto. Kujaza puto kabla hujauona mkojo kunaweza kulivimbishia ndani ya mrija na kuuchana. Kama hajatahiriwa, rudisha govi mahali pake ukimaliza. Mwanamke: ukikosea ukaingia ukeni, uache mpira huo hapohapo uwe alama, chukua mpya tasa. Usiuchomoe na kujaribu nao tena.

Ukigoma, usisukume. Mwite daktari.

Ukimaliza, funga mpira kwa plasta pajani, au chini ya tumbo kwa mwanaume, uache nafasi asivutwe anapogeuka. Mpira unaochezacheza unakwaruza mrija na kuvuta wadudu ndani kila unapoingia na kutoka. Mwanafunzi aingize akiwa na msimamizi pembeni mwenye macho kwenye mikono yake. Patricia Benner, mwananadharia mwingine wa uuguzi, ameeleza vizuri jinsi muuguzi anavyotoka uchanga hadi ubingwa, na mchanga anahitaji mtu wa kumwambia "glovu hiyo imegusa shuka, badilisha" papo hapo.

Hatua ya 4: Mazingira, alivyotufundisha Nightingale

Nightingale alifanya kazi kabla elimu ya bakteria haijakubalika, na bado alijua mgonjwa anauawa na mazingira yake. Alitaja hewa safi, maji safi, mifereji inayotoa uchafu, usafi na mwanga, na aliwataka wauguzi wanawe mikono mara nyingi kwa siku. Ukiushika mfuko wa mkojo mkononi utaona mambo yake karibu yote yamekusanyika hapo, na neno mifereji ndilo linalonigusa zaidi. Mpira na mfuko ni mfereji wa mgonjwa. Mfereji unatakiwa kwenda chini, usizibe, usirudishe.

Kwa hiyo mfuko uwe chini ya kibofu saa zote, na usiguse sakafu. Vitanda vyetu vingi havina ndoano. Funga kamba ya bandeji safi kwenye chuma cha kitanda, upande ambao mgonjwa hageuziwi mara kwa mara, na uhakikishe bomba halijakunjwa wala halijatengeneza kitanzi kinachoning'inia chini ya mfuko.

Tazama siku moja mgonjwa anavyopelekwa eksirei. Machela inafika, watu wawili wanamnyanyua, na wa tatu anauchukua mfuko na kuulaza juu ya tumbo la mgonjwa ili usiburuzwe. Mkojo wa tangu jana, wenye wadudu waliozaliana kwenye joto la pwani, unarudi kibofuni wote njia nzima ya varanda. Dawa ya hili haina gharama: mwaga mfuko kabla ya safari, kisha uning'inize ubavuni mwa machela. Waelekeze wahudumu na wabeba machela, maana wao ndio wanaousafirisha.

Mwaga mfuko unapofika theluthi mbili au kabla ya hapo, angalau kila zamu. Kila mgonjwa awe na chombo chake cha kumwagia, chenye namba ya kitanda. Ndoo moja inayozunguka wodi nzima ni daladala la wadudu. Ncha ya koki isiguse chombo. Ukimaliza ifute kwa spiriti, ifunge, vua glovu, nawa. Glovu zilezile kwa wagonjwa wawili ni kosa kubwa kuliko mikono mitupu iliyonawiwa.

Kuhusu maji, tuseme ukweli wa kwetu. Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, unajulikana kwa shida ya maji tangu zamani, na hata mjini bomba linaweza kukauka siku nzima. Hospitali isiyojiandaa kwa hilo imejiandaa kwa maambukizi. Iwepo ndoo yenye koki na sabuni kila wodi, watu wasichote kwa kutumbukiza kikombe. Kwenye troli kiwepo kitakasa mikono chenye kilevi: sekunde 20 hadi 30 zinatosha kama mikono haina uchafu unaoonekana. Kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati 5 za kusafisha mikono, na kwa mpira wa mkojo mbili zinabeba uzito zaidi: kabla ya kuugusa, na baada ya kugusa mkojo.

Usichokifanya nacho kina thamani. Usioshe kibofu kwa dawa kila siku. Usipake krimu ya antibayotiki kwenye tundu. Usisugue kwa dawa kali, sabuni na maji vinatosha. Usibadilishe mpira kwa sababu tu wiki imeisha. Ubadilishe ukiziba, ukivuja, au mfumo ukifunguka.

Hatua ya 5: Ndugu wa mgonjwa

Wodi zetu zinaendeshwa na ndugu wa mgonjwa kuliko tunavyoandika kwenye ripoti. Wao ndio wanaomgeuza, wanaomwosha, wanaomwaga mfuko saa 9 usiku. Orem ana nafasi yao kwenye nadharia: mtu anayemhudumia asiyejiweza naye anahitaji kupimwa uwezo na kufundishwa.

Tatizo ni kwamba wanabadilishana. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba hivi, binti uliyemfundisha Jumatatu anarudi shambani Jumatano, anakuja shangazi ambaye hajui lolote. Kwa hiyo mafunzo yafanyike kila anapoingia mtu mpya, na yawe ya mambo manne tu: nawa kabla na baada, mfuko uwe chini usiguse sakafu, usiuchomoe mpira kwenye mfuko kwa sababu yoyote, niite ukiona damu, usaha au mkojo hautoki. Kumwongezea la tano ni kumsahaulisha la kwanza. Akishayashika hayo manne, na kama mgonjwa hajakatazwa maji kwa ajili ya moyo au figo, ndipo umwambie ampe maji ya kunywa mara kwa mara. Joto la Lindi la mwezi Desemba linakausha mtu.

Hatua ya 6: Kila asubuhi, uliza tena

Wakati wa kukabidhiana zamu, kwa kila mgonjwa mwenye mpira, anayekabidhi aseme sentensi moja: siku ya ngapi, na kwa nini bado. "Kitanda namba 7, siku ya tatu, tunapima mkojo kila saa." Akikosa la kusema baada ya "kwa nini", jina hilo linaenda kwa daktari kwenye raundi ya asubuhi hiyo, likiwa la kwanza. Nashauri uongozi wa wodi ukubaliane na madaktari kwa maandishi kuhusu wagonjwa ambao muuguzi anaweza kuwatoa mpira bila kusubiri agizo jipya. Daktari akiwa chumba cha upasuaji mpaka jioni, mpira hauna sababu ya kumsubiri.

Kuutoa ni rahisi. Acha maji ya puto yarudi yenyewe kwenye bomba la sindano, usiyavute kwa nguvu, usikate mpira kwa mkasi. Hakuna haja ya kuubana na kuuachia kwa siku nzima "kuzoesha kibofu". Andika saa. Akojoe ndani ya saa 6 hivi. Akishindwa na kibofu kikajaa, mjulishe daktari, na fikirini kumtoa mkojo kwa mpira wa mara moja kabla ya kurudisha wa kukaa.

Hatua ya 7: Homa ikipanda

Huku kusini malaria ni nyingi, na homa ya mgonjwa yeyote inatupeleka moja kwa moja kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Sawa, kipime. Lakini kikisoma hasi, au kikisoma chanya na homa isishuke kwa dawa, nyanyua shuka uutazame mpira. Joto la nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, maumivu chini ya kitovu au ubavuni, au mzee aliyekuwa akiongea vizuri ghafla anachanganya maneno: hizo ni dalili za kumwita daktari leo.

Mkojo wenye harufu au mawingu peke yake haumaanishi maambukizi ya kutibiwa. Bakteria kukutwa kwa mgonjwa asiye na dalili nako kwa kawaida hakutibiwi, isipokuwa kwa mjamzito au anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Sampuli ichukuliwe kwa sindano safi kwenye sehemu ya mpira iliyotengwa kwa kazi hiyo, baada ya kuifuta kwa spiriti. Kamwe usiichukue kutoka kwenye mfuko, maana utapeleka maabara bustani ya wadudu. Kama mpira umekaa zaidi ya wiki mbili na bado unahitajika, weka mpya kwanza, kisha chukua sampuli kutoka huo mpya kabla ya dozi ya kwanza.

Hatua ya 8: Kubadili mazoea ya wodi, kwa njia ya Lewin

Haya yote yanaweza kubandikwa ukutani na yasifanyike. Lewin, katika maandishi yake ya mwaka 1947, alieleza badiliko kwa hatua tatu: kuyeyusha mazoea, kubadilisha, kisha kugandisha jipya.

Kuyeyusha kunahitaji namba za wodi yenu wenyewe. Kila siku saa ileile mtu mmoja ahesabu wagonjwa wenye mpira na kuandika kwenye daftari. Tuseme mna wagonjwa 5 kila siku kwa siku 30: hizo ni siku 150 za mpira. Wakipata maambukizi 2 mwezi huo, gawanya 2 kwa 150, zidisha kwa 1,000, mnapata 13.3 kwa kila siku 1,000 za mpira. Hesabu ndogo, lakini wodi ikiiona kwa mara ya kwanza mazungumzo ya chumba cha chai yanabadilika. Iwekeni wazi bila kutaja nani aliweka mpira upi. Mkianza kutafuta mchawi, watu wataacha kuripoti.

Kubadilisha, anzeni na jambo moja. Ningechagua ile sentensi ya kukabidhiana zamu, kwa sababu haihitaji bajeti. Wodi moja, mwezi mmoja. Kisha ongezeni vyombo vya kila mgonjwa, kisha ndoano za mifuko.

Kugandisha ndiko tunakoshindwa. Muuguzi aliyeanzisha anahamishwa Nachingwea, na daftari linaenda kabatini. Zuieni hilo kwa kuiingiza sentensi kwenye fomu ya ripoti ya zamu, kuipa kamati ya kudhibiti maambukizi kazi ya kudai hesabu kila mwezi, na kumfundisha kila mgeni wodini katika wiki yake ya kwanza.

Anayerudi nyumbani na mpira

Mzee wa tezi dume anaweza kuruhusiwa kusubiri upasuaji akiwa kijijini. Usimwachie kwa maneno ya mlangoni. Mpe karatasi yenye tarehe mpira ulipowekwa, namba yake, aina yake na tarehe ya kurudi kuubadilisha kulingana na aina hiyo, maana wa silikoni unakaa muda mrefu kuliko wa latex. Mwambie zahanati gani ya karibu inaweza kumsaidia ukiziba, na uhakikishe kwa simu kwamba kweli wanaweza kabla hajapanda gari.

Mweleze yeye na atakayekaa naye nyumbani: mfuko usilale kitandani naye usiku, uning'inie chini ya kitanda bila kugusa chini, aoge kama kawaida, anywe maji. Arudi bila kusubiri tarehe kama mkojo haujatoka kwa saa 4 na tumbo linauma, kama ana homa, au kama mpira umechomoka. Ukichomoka, yeyote asijaribu kuurudisha.